Mama Teague Hauziki

Nianze kwa kusema kwamba nina hasira, na asiyependa habari za mtu mwenye hasira aishie hapa hapa. Naitwa Verna Oltmann. Nimeishi Brandel, Iowa, miaka sitini na tatu, na watu wa hapa nilidhani nawajua: nani anakunywa kwa kujificha, nani hasemi na shemeji yake, nani anaimba kanisani huku hajui hata wimbo. Jumatatu ya mchujo wa wagombea urais ilinionyesha kwamba nilikuwa nawajua kwa majina tu.

Neno lililoniudhi ni moja: hauziki. Nililisikia kwa mara ya kwanza mwezi wa nane, wiki ile Roberta Teague alipopita kwetu kuomba chama kimsimamishe kugombea urais. Teague ni muuguzi kutoka Nebraska. Hajawahi kuchaguliwa hata kwenye bodi ya shule, na anavaa viatu vya kazini mpaka kwenye mdahalo. Alikaa jikoni kwangu, akala pai vipande viwili, nami nikamweleza habari za marehemu mume wangu, Gene.

Hospitali yetu ilifungwa miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nne. Mwezi wa kumi na moja Gene akashikwa na moyo akiwa ghalani. Gari la wagonjwa lilitoka mji wa mbali, likamchukua, likageuza kurudi lilikotoka, na kabla hawajafika nusu ya njia alikuwa ameshaondoka. Wagombea wote waliopita Brandel nimewaeleza habari hii, na wote waliniwekea mkono begani wakasema pole. Teague hakunigusa. Aliuliza, "Gari lilichukua dakika ngapi kufika kwako?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia thelathini na nane. Akaandika. Kwenye hotuba iliyofuata alisimama mbele ya watu akasema dakika thelathini na nane, bila kutaja jina langu, na mimi nililia mpaka nikaona aibu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wake. Nilitembea mlango kwa mlango mpaka theluji ikanifika magotini. Na kila mlango, nakuapia, kila mlango niliambiwa yale yale.

"Yule mama nampenda sana, Verna. Anasema kweli tupu. Ila hauziki."

"Hauziki kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani? Wewe si mtu?"

"Mimi ningemchukua leo hii. Nasema watu wengine. Watu wa Ohio. Wa Pennsylvania."

Hawajawahi kufika Pennsylvania hawa. Wanaogopa hata kuendesha gari Des Moines. Lakini mioyo ya watu wa Pennsylvania wanaijua kuliko yao wenyewe. Nikanunua daftari la shule, na kila aliyeniambia anampenda Teague ila hauziki nikaandika jina lake. Kufikia Januari yalikuwa majina arobaini na manne.

Wa kwanza kabisa alikuwa kaka yangu Merle.

Merle ni dalali wa mnada wa ng'ombe, na mimi ndiye karani wake. Nakaa pembeni yake kila Alhamisi naandika nani kanunua nini. "Dada," aliniambia, "nimenadi miaka thelathini. Kinachouzika nakijua kabla hakijaingia kizimbani. Yule mama ni mzuri, lakini hauziki. Seneta Cargrove ndiye anauzika."

"Cargrove hajui hata maziwa yanatoka wapi."

"Hajui, lakini ana meno mazuri."

Nilibishana naye vuli nzima. Mwisho, mezani siku ya Krismasi, akaweka uma chini akasema, "Basi, dada, yaishe. Nitakuja." Nikainuka nikambusu kwenye upara. Nilidhani nimeshinda.

Mchujo wetu hatuufanyi kwa karatasi za siri. Tunakutana saa moja jioni kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, na kila mtu anasimama kwenye kona ya mgombea wake, mbele ya jirani, mbele ya mchungaji, mbele ya mwenye benki. Kundi lisilofikisha asilimia kumi na tano ya watu wote waliomo ukumbini linavunjwa. Wenyewe wanasambaa kwenye makundi yaliyobaki au wanakwenda nyumbani. Teague alikuwa ametuambia wazi: asipopata mjumbe hata mmoja wa mkutano mkuu wa chama kwenye wilaya ndogo ndogo kama yetu, anafunga virago. Kwa hiyo nilichotaka jioni ile kilikuwa kidogo sana. Nilitaka kona yetu isimame, ipate mjumbe mmoja.

Darlene Stroup, mkutubi wa shule, ndiye alikuwa mwenyekiti. Alikuwa amekaa mlangoni na orodha yake, na filimbi shingoni. Dakika tano kabla ya saa moja nikamuuliza tumefika wangapi.

"Mia na sita. Saa moja kamili nafunga, hata akija baba yangu."

Nikachungulia dirishani. Pikapu ya Merle ilikuwa imeegeshwa chini ya taa, injini inanguruma, mwenyewe kaketi ndani ameshika usukani. Nikatoka bila koti. Niligonga kioo mpaka akakiteremsha.

"Unafanya nini humu? Wanafunga!"

"Nilikuwa nasikiliza hali ya hewa."

"Hali ya hewa ni theluji! Teremka. Ulisema utakuja."

"Verna, labda mwaka huu niache tu…"

"Merle, teremka!"

Nilimvuta mkono mimi mwenyewe. Nilimpitisha barafuni kama ng'ombe mkaidi, nikamsimamisha mbele ya Darlene, nikampa kalamu. Akatia sahihi. Darlene akaandika mia na saba, akafunga mlango.

"Haya, jamani," akasema Darlene, "kila mtu aende kwenye kona yake."

Kona yetu ilikuwa chini ya goli la kikapu upande wa jikoni. Nilikwenda nikasimama, nikageuka nimkaribishe kaka yangu. Merle alikuwa anatembea taratibu, kikombe cha kahawa mkononi, macho chini, kuelekea upande wa pili. Kwenye kona ya Cargrove. Craig Dreesman, wakala wa bima anayemsimamia Cargrove hapa kwetu, alimpokea kwa mikono miwili.

"Merle!" nikaita. Ukumbi mzima ukageuka. "Ulisema utakuja!"

"Nimekuja, dada," akasema.

Watu wakacheka. Na mimi mpaka leo nakisikia kicheko kile.

Tukahesabiana kwa sauti, kila mtu akitaja namba yake. Wa Cargrove walikuwa sitini. Wa mgombea wa tatu, Meya Ostrander, ambaye sina neno naye zaidi ya kwamba anachosha, walikuwa thelathini na mmoja. Kwetu sisi, wa mwisho kutaja alikuwa Mzee Orville Tjaden, mfugaji mwenye fimbo na nyonga mpya. Akapiga fimbo sakafuni: "Kumi na sita!"

Darlene akashika kikokotoo. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena.

"Asilimia kumi na tano ya watu mia na saba," akasema, "ni kumi na sita nukta sifuri tano. Sheria ya chama inasema sehemu yoyote ya mtu inahesabiwa mtu mzima. Mnatakiwa kumi na saba."

"Nukta sifuri tano ni sehemu gani ya mtu?" akauliza Mzee Orville. "Kidole?"

"Hata iwe ukucha, Orville."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka namba ya kabla sijatoka nje.

"Darlene," nikasema. "Na tungekuwa mia na sita?"

Darlene aliniangalia. Nadhani alishajua, maana hakutaka kubonyeza. Akabonyeza.

"Kumi na tano nukta tisa. Mngetakiwa kumi na sita."

Craig Dreesman akapiga kofi moja pajani.

"Mama Verna! Kwa hiyo wewe ndiye umemtoa? Umekwenda kumkokota mtu kwenye theluji aje akuangushie mgombea wako! Jamani, tumpe biskuti huyu, ametufanyia kazi kuliko mimi!"

"Funga mdomo, Craig," akasema Darlene, lakini nusu ya ukumbi ilikuwa inajishika mbavu. Watu niliowapikia misibani. Watu ambao watoto wao niliwafundisha shule ya Jumapili.

Merle alikuwa amebadilika rangi. Aliweka kahawa chini. "Basi niondoke," akasema. "Darlene, nifute. Narudi nyumbani."

"Hesabu imeshaandikwa, Merle, tena kwa wino. Ukiondoka, wewe bado ni mmoja wa mia na saba." Darlene akatazama saa. "Kuna dakika kumi na tano za kuhama. Anayetaka kubadili kona abadili sasa. Baada ya filimbi, kundi lisilofikisha linavunjwa."

Mtu mmoja. Nilihitaji mtu mmoja tu, avuke mstari wa katikati ya ukumbi, hatua kama ishirini. Na ndani ya mkoba wangu nilikuwa na daftari.

Nikalitoa. Nikaenda nikasimama katikati, pale wanapoanzishia mpira, nikasoma.

"Bev Aulwes. Tarehe kumi na mbili Septemba, barazani kwako. Ulisema, 'Nampenda kama dada yangu, ila hauziki.' Bev, uko wapi? Nakuona. Njoo."

Bev akajificha nyuma ya mumewe. Nilisoma wa pili. Nilisoma wa tatu. Kufikia wa saba walianza kupiga kelele.

"Hiyo si haki! Nilikuambia nyumbani kwangu!"

"Unatuandika? Wewe ni polisi?"

"Mwenyekiti, mzuieni huyu!"

"Majina arobaini na manne!" nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka ikanikera mwenyewe. "Thelathini na tisa mmo humu ndani! Mngekuja wote mngejaza kona ile, yeye ndiye angekuwa anashindana na Cargrove! Nani kawaambia hauziki? Nyinyi ndio wanunuzi! Kila mmoja anamtazama jirani yake, na jirani naye anakutazama wewe!"

"Verna, tunampenda," akasema Bev kutoka nyuma ya bega la mumewe. "Lakini lazima tuwe na akili."

"Mwogope Mungu, Bev."

Nikafunga daftari, nikaenda moja kwa moja kwa Merle. Craig akajaribu kusimama katikati yetu, nikamwambia aondoke kabla sijamgusa. Akaondoka.

"Merle. Wewe tu. Hatua ishirini."

"Dada, nisikilize…"

"Wewe ni dalali. Unajua vizuri kuliko wote humu. Mnyama akiingia kizimbani na hakuna anayeinua mkono, ni mbovu?"

"Si lazima."

"Mara ngapi umemwona mnyama mzima anarudi nyumbani kwa sababu tu kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake aanze?"

Akatazama viatu vyake.

"Ulikuwa nyuma ya lile gari," nikasema. Hapo niliteremsha sauti, maana haya hayakuwa ya watu wote. "Usiku ule ulilifuata na pikapu yako. Taa zake ulikuwa unaziona. Uliona zilipozimwa, maana hapakuwa na haraka tena."

Macho yake yalijaa. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa mbaya ningelala usingizi.

"Niliona," akasema. "Na ndiyo sababu nataka mtu atakayeshinda, Verna. Tukimsimamisha huyu mama, Novemba tutapigwa kipigo cha mbwa, na hospitali hatutaiona mimi na wewe mpaka tufe. Cargrove angalau anaweza kuingia."

"Cargrove hajasema neno hospitali hata siku moja!"

"Akiingia, tutamwambia."

"Utamwambia wewe? Kwa meno yapi?"

Akakunja mikono kifuani. Namjua anavyokunja mikono tangu ana miaka mitano. Hakutoka tena pale.

Filimbi ikalia. Kundi letu lilianza kumomonyoka palepale. Vijana wawili wa kiwanda cha nyama walikwenda kwa Ostrander kwa sababu upande ule ulikuwa na keki za limau. Wengine wakavaa makoti. Mzee Orville alinishika mkono, akasema, "Mimi nakwenda kulala, binti yangu, nyonga inaniuma na watu hawa wananiuma zaidi." Nilibaki peke yangu chini ya goli.

"Verna," akasema Darlene kwa upole, kalamu mkononi. "Unahamia wapi?"

"Sihami."

"Ukisimama hapo sikuhesabu, mpenzi."

"Usinihesabu."

Nilisimama mpaka wakamaliza kila kitu, mpaka wakakunja viti. Hakuna aliyenisogelea. Walipita wakitazama simu zao.

Jumatano Teague alijitoa. Alisimama na viatu vyake vile vile, akashukuru watu wa Iowa, ambao hawakustahili shukrani yoyote. Redioni mchambuzi mmoja akaeleza kwamba wapiga kura wa mashambani wamethibitisha kilichojulikana tangu mwanzo. Na Brandel nzima ikanigeukia kwa huruma ya ushindi. Dukani, posta, kanisani.

"Pole, Verna. Unaona sasa? Tulikuambia hauziki."

Wao waliomwangusha, wakashika anguko lake wakaniletea kama ushahidi. Bev Aulwes aliniambia hivyo akiwa ameshika mboga zangu kwenye foleni. Nilimnyang'anya mboga.

Alhamisi ilikuwa siku ya mnada. Nilifikiria kutokwenda, nikaenda, kwa sababu kazi ni kazi. Nilikaa kwenye kiti changu pembeni ya Merle, mbele ya kadi zangu. Hatukusalimiana. Theluji ilikuwa imewazuia wengi, na waliokuja walikaa wametawanyika, mikono mifukoni.

Wa tisa kuingia alikuwa mtamba wa Mzee Orville, mwekundu, mgongo umenyooka, macho safi. Mnyama mzuri kuliko wote wa siku ile, na kila mtu mle ndani aliliona hilo. Merle akaanza kuimba mnada wake kama kawaida. Hakuna mkono. Akateremsha. Hakuna. Wanaume wakatazamana kwa pembe za macho, mmoja akimngoja mwingine, kila mmoja akihofia labda wenzake wameona kilema ambacho yeye hajakiona.

"Jamani, mtamba mzima huyu!" Merle akasema kwenye kipaza sauti. "Mnamwona wenyewe! Sitaki mikono kumi. Nipeni mtu mmoja. Mtu mmoja tu aan—"

Akakatika hapo. Mdomo ulibaki wazi. Alikuwa ameyasikia maneno yangu mdomoni mwake.

Nikainama kwenye kipaza sauti chake, jambo ambalo sijawahi kufanya kwa miaka yote niliyokaa pale.

"Hauziki," nikasema. "Mtoeni nje."

Wakaangua kicheko, maana walidhani ni utani wa karani. Merle hakucheka. Alinitazama, uso umeiva. Kisha, mbele yao wote, akainua mkono wake mwenyewe.

"Nanunua mimi," akasema. "Mimi naanza."

Basi ikainuka mikono. Mara moja, minne, mitano, tena kwa pupa, hata Dreesman wa bima aliyekuja kunywa kahawa tu akainua wake. Wakawa wanagombania mtamba yule yule ambaye dakika moja iliyopita hakuna aliyemtaka.

Nyundo ikagonga. Niliandika jina la mnunuzi kwenye kadi. Merle alinigeukia kama anataka kusema kitu, nami nikamwonyesha mlango wa kizimba, maana wa kumi alikuwa anangoja kuingia.